Kutoka Tanga Hadi Marangu: Joto na Mvua Hupangwa na Nini?

Msafiri anayeondoka Tanga mjini kwa basi la asubuhi huhitaji nguo nyepesi tu na kitambaa cha kufutia jasho. Akipandia Lushoto, jioni ataulizia sweta. Kesho yake akipita Same atatafuta kivuli na maji ya kunywa. Akilala Marangu atajifunika blanketi mbili na bado ataona miguu ina baridi. Barabara ya kutoka Tanga hadi Moshi ni yapata kilomita 350 tu. Jua linaloiangazia ni moja na mwezi wa kalenda ni ule ule. Kwa nini basi mtu apite katika hali nne tofauti kana kwamba amezunguka dunia?

Mimi ni muuguzi, na safari hii niliifanya pamoja na akina mama wenzangu wa kanisani. Tulikwenda kuvitembelea vikundi vya wanawake na kuzungumza nao juu ya afya ya watoto. Kila tulipofika, mazungumzo ya afya yaligeuka kuwa mazungumzo ya mvua na joto. Mama mmoja alitaka kujua kwa nini mahindi yake yamekauka na ya shemeji yake, ng'ambo ya mlima, yamestawi. Mwingine aliuliza kama ni kweli mbu wanapanda mlima. Haya si maswali ya wataalamu peke yao. Ni maswali ya chungu cha nyumbani, ya ndoo ya maji na ya mtoto mgonjwa. Kwa hiyo karibu, msomaji mpendwa, tusafiri pamoja tukiyajibu kituo kwa kituo.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Hali ya hewa ni ile ya leo au ya wiki hii: mvua imenyesha, upepo umevuma, jua limewaka. Tabianchi ni mwenendo wa mahali kwa miaka mingi, na wataalamu kwa kawaida huupima kwa miaka 30. Mama yeyote ataelewa tofauti hiyo. Mtoto anaweza kuamka na hasira siku moja, lakini wewe uliyemlea unajua tabia yake. Hali ya hewa ni hasira ya asubuhi moja. Tabianchi ndiyo tabia yenyewe.

TANGA: JUA NA BAHARI

Tanga iko kusini mwa Ikweta kwa nyuzi 5 tu. Maana yake ni kwamba jua la adhuhuri huwa karibu na utosi mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, hupita juu ya utosi kabisa. Mwanga unaoshuka wima hukusanya joto lake mahali padogo. Mwanga unaoshuka kwa mshazari hutawanya joto hilo hilo mahali papana. Chukua tochi uimulike sakafuni wima, kisha uilaze upande, nawe utaona duara la mwanga likitanuka na kufifia. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza na kubwa kuliko zote ya joto la nchi zetu na baridi ya nchi za mbali na Ikweta.

Dunia nayo huzunguka ikiwa imeinama, kwa pembe ya nyuzi kama 23 na nusu. Kwa sababu hiyo upande wa kaskazini huelekea jua mwezi Juni, na upande wa kusini mwezi Desemba. Mjini London, mchana wa Juni huzidi saa 16 na ule wa Desemba haufiki saa 8. Sisi wa Tanga mchana wetu hauondoki sana kwenye saa 12, ndiyo maana hatuna majira ya baridi kali na ya joto kali kama wao. Majira yetu huletwa zaidi na pepo na mvua.

Na pepo hizo wazee wa pwani walizijua kabla ya vitabu. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma kaskazi, upepo uliowaleta wafanyabiashara kwa majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba huvuma kusi, uliowarudisha kwao. Kati ya pepo hizo mbili hupita ukanda mpana wa mawingu unaolifuata jua linapohama kati ya kaskazini na kusi. Unapopita juu yetu Machi hadi Mei tunapata masika. Unaporudi Oktoba hadi Desemba tunapata vuli.

Bahari nayo ina kazi yake. Maji hupata joto polepole na kupoa polepole. Kila mama amewahi kuona kwamba sufuria tupu jikoni hupata moto mara moja, lakini yenye maji huchelewa; na ukiiepua, ile yenye maji hukaa na joto muda mrefu. Bahari ni sufuria kubwa mno, kwani maji hufunika karibu asilimia 71 ya uso wa dunia. Mchana nchi kavu huwaka upesi, hewa yake hupanda, na upepo wa bahari huingia kuijaza nafasi. Usiku nchi hupoa kabla ya bahari, na upepo hugeuka kuelekea baharini. Wavuvi wengi hutoka na upepo huo wa alfajiri na kurudi na ule wa mchana. Kwa sababu hiyo Tanga haipoi sana usiku, na hewa yake hujaa unyevu. Nguo iliyofuliwa asubuhi huenda ikawa bado na ubichi jioni, na vipele vya joto kwa watoto wachanga ni jambo la kawaida. Mtoto wa pwani usimfunge sweta na kofia ya sufu ati kwa kuwa ni mchanga. Mvishe pamba nyepesi, umnyonyeshe mara kwa mara.

MUHEZA NA AMANI: MLIMA UNAOKAMUA MAWINGU

Ukitoka Tanga unapita mashamba ya mkonge, kisha Muheza, ambako machungwa hupangwa kwa mafungu kando ya barabara. Upande wa kulia utaona milima ya Usambara Mashariki imevaa kijani kibichi. Huko juu ndiko Amani, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea mwaka 1902. Waliichagua Amani kwa kuwa mvua haikuwa tatizo. Kwa mwaka hupata karibu milimita 2,000.

Kwa nini mvua yote hiyo? Upepo unaotoka baharini huja umebeba mvuke. Ukikuta mlima hauna njia isipokuwa kupanda. Hewa inayopanda hutanuka, na inayotanuka hupoa. Fungua valvu ya tairi la baiskeli uisikie kwa kidole: hewa inayotoka ni ya baridi, kwa sababu inatanuka ghafla. Hewa ikipoa haiwezi tena kushika mvuke wote iliokuwa nao. Mvuke hugeuka kuwa mawingu, na mawingu huwa mvua. Mlima unaukamua upepo kama vile unavyokamua nazi iliyokunwa: tui la kwanza, lililo zito, linabaki upande ule upepo unakotokea.

Shikilia mfano huo wa nazi, kwa sababu tutauhitaji tukifika Same.

MOMBO HADI LUSHOTO: NGAZI YA BARIDI

Kutoka Korogwe tuliendelea hadi Mombo, mji ulio chini kwenye bonde, wenye joto na mashamba ya mpunga. Hapo ndipo barabara ya Lushoto inapochepuka na kuanza kupanda, kona baada ya kona, kupitia Soni yenye maporomoko ya maji. Ni kilomita 30 na kitu tu. Lakini masikio yanaziba, miembe inatoweka, na badala yake unaona kabichi, karoti na miti ya mapeasi. Lushoto iko yapata mita 1,400 juu ya usawa wa bahari.

Tulipofika, mwenzetu mmoja aliuliza swali zuri: "Mama Nesi, si tumelikaribia jua? Mbona baridi?"

Jibu ni kwamba jua haliipashi hewa moto moja kwa moja kwa kiasi kikubwa. Linaipasha ardhi, na ardhi ndiyo inayoipasha hewa kutoka chini, kama jiko linavyopasha chungu. Ukipanda unajitenga na jiko. Tena hewa ya juu ni nyepesi, haina uzito wa kushika joto. Kwa kawaida kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua nyuzi 6 hivi au zaidi kidogo. Fanya hesabu mwenyewe. Ikiwa Tanga leo ni nyuzi 30, Lushoto iliyo juu kwa mita 1,400 itakuwa karibu nyuzi 21. Na ukweli ni kwamba mwezi Julai, wakati wa kipupwe, usiku wa Lushoto humfanya mgeni wa pwani alale na soksi.

Hapa ndipo mazungumzo yetu yalipokuwa mazito. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa mbele alinyanyua mkono. Tulimwamkia, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Kisha akasema, "Sisi tulipokuwa wasichana, homa ilikuwa ya watu wa Mombo. Mtu akitetemeka tulimwuliza, umeshuka lini? Sasa wajukuu zangu wanaugua na hawajashuka popote. Ni kweli mbu wamepanda?"

Nilimjibu kwa hesabu, kwa sababu katika jambo hili hesabu inaeleweka kuliko vitisho. Mbu akimuuma mgonjwa wa malaria humeza vijidudu, lakini hawezi kuviambukiza siku hiyo hiyo. Ni lazima vikue kwanza tumboni mwake. Kukua huko hutegemea joto. Hewa ikiwa nyuzi 25, vijidudu vya malaria kali huchukua kama siku 12. Ikiwa nyuzi 20, huchukua karibu wiki nne. Ikishuka kufikia nyuzi 18, huhitaji muda unaokaribia miezi miwili, na chini zaidi ya hapo kazi husimama. Mbu mwenyewe mara nyingi haishi zaidi ya wiki mbili au tatu. Kwa hiyo mahali penye baridi mbu hufa kabla silaha yake haijawa tayari.

Sasa angalia, msomaji, nyuzi moja au mbili zinafanya nini. Kwa mtu wa Tanga, kutoka nyuzi 30 hadi 31 ni kero tu. Kwa mtu wa kijiji kilicho mpakani, ambako wastani ni nyuzi 19 au 20, nyongeza hiyo huweza kuupa ugonjwa nafasi ambayo haukuwa nayo. Si joto peke yake linaloamua. Watu wanasafiri zaidi kuliko zamani, na mtu anaweza kuibeba malaria kutoka bondeni hadi mlimani ndani ya damu yake. Mabwawa na mashamba yenye maji yaliyotuama huongeza mazalia. Kwa upande mwingine, vyandarua vyenye dawa vimeipunguza sana malaria katika nchi yetu tangu miaka ya 2000. Lakini joto la mahali ndilo linaloweka mpaka wa kwanza, na mpaka huo unaweza kusogea.

Hatari iko hapa: mtoto wa mlimani hajazoea malaria. Mwili wa mtu mzima wa bondeni, aliyeumwa tangu utotoni, umejenga kinga fulani. Wa mlimani hana kinga hiyo, na akiugua huugua vibaya, mkubwa kwa mdogo. Katika kazi yangu nimewaona akina mama wa milimani wakimpa mtoto mwenye homa dawa ya mafua kwa siku tatu, kwa sababu tangu zamani kwao homa ilikuwa mafua au kichomi. Siku tatu kwa mtoto mdogo mwenye malaria kali ni nyingi mno. Nikamwambia bibi yule: wajukuu walale ndani ya chandarua hata kama mbu hawasikiki, na homa ya mtoto ipimwe siku ile ile. Akanitazama, akasema, "Basi kumbe baridi yetu ilikuwa dawa." Sikuweza kulisema vizuri zaidi.

SAME: UPANDE WA MACHICHA

Tukashuka tena Mombo, tukashika barabara ya kaskazini kupitia Mkomazi, Hedaru na Makanya hadi Same. Barabara hii hupita chini ya milima ya Usambara na Upare, upande wa magharibi. Bahari iko mashariki. Sasa ukumbuke nazi yetu. Tui lilikamuliwa upande wa pili, na hapa tumefika kwenye machicha. Hewa iliyovuka mlima imeacha maji yake huko nyuma. Inaposhuka upande huu hubanwa, hupata joto, na badala ya kuleta mvua hunyonya hata ule unyevu mdogo uliopo ardhini. Wataalamu husema mahali kama hapa pako katika kivuli cha mvua.

Same hupata yapata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, wakati Amani, isiyozidi kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, hupata zaidi ya mara tatu ya hizo. Michongoma, mibuyu na vumbi jekundu ndivyo vinavyomkaribisha mgeni. Mchana jua linachoma, lakini usiku hupoa kuliko unavyotazamia. Mvuke wa maji hewani hufanya kazi ya shuka, na Same haina shuka nene kama ya Tanga. Joto la mchana huondoka usiku bila kizuizi.

Wapare hawakukaa na kulalamika. Tangu vizazi vya nyuma walichimba ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanya maji ya vijito kutoka mlimani usiku, ili yafunguliwe mchana kwenda mashambani kwa zamu. Ukitaka kuona watu walioielewa tabianchi yao bila kwenda chuo, waangalie watu wa ndiva.

Na sisi wenye bati juu ya nyumba tuna ndiva yetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Nyumba yenye paa la mita 5 kwa 10 ina mita za mraba 50. Hata Same, kwa milimita 500, paa hilo hupokea lita 25,000 kwa mwaka, yaani ndoo 1,250 za lita 20. Toa moja ya tano kwa maji yanayorukia nje na yanayokauka, zinabaki ndoo 1,000. Kwa familia inayotumia ndoo nne kwa siku ni maji ya siku 250. Ni kweli tangi kubwa ni ghali, na mvua haiji yote kwa mpangilio. Lakini kikundi cha akina mama kumi wakichanga kwa zamu wanaweza kujenga moja baada ya jingine. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilikuwa kimeshaanza hivyo, na mwenyekiti wao alituambia kwa ufupi: "Mvua ni chache, lakini tulikuwa tunaiacha ipite." Nanyi mkumbuke: maji ya kwanza ya msimu yaoshe paa, yasiingie tangini, tangi lifunikwe ili mbu asizalie humo, na ya kunywa yachemshwe.

MARANGU: MSITU NA BARAFU

Baada ya Mwanga na Himo tulianza kupanda tena, safari hii kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Ndani ya nusu saa vumbi likageuka migomba. Tulikuwa tumerudi upande wa tui. Mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupokea upepo wenye mvuke, na mvua huwa nyingi zaidi katika ukanda wa msitu, kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kaskazini, kuelekea mpaka wa Kenya, ni mkavu zaidi. Na juu kileleni, kwenye mita 5,895, mvua na theluji ni kidogo mno, haifiki hata milimita 200 kwa mwaka. Mawingu huishiwa kabla ya kufika huko. Joto la wastani la kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri.

Mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya mlima huu mwezi Mei 1848, akaandika habari zake. Wataalamu fulani wa Ulaya walimcheka. Walijua sababu moja tu ya baridi, nayo ni umbali kutoka Ikweta, wakasema haiwezekani theluji ikae nyuzi 3 tu kutoka Ikweta. Waliisahau ile ngazi tuliyopanda Lushoto. Ni fundisho kwetu pia: tabianchi ya mahali haina sababu moja.

Barafu hiyo imepungua sana. Kati ya mwaka 1912 na miaka ya hivi karibuni, zaidi ya asilimia 80 ya eneo lake imetoweka. Watafiti wanaeleza kwamba kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya huku ilipokuwa kavu zaidi na theluji mpya ikawa haitoshi kufidia inayoondoka. Ongezeko la joto la dunia limeongeza mzigo huo. Wengi husema barafu ikiisha mito ya Uchagani itakauka. Hapa tuwe waangalifu. Sehemu kubwa mno ya maji ya mito na mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachaga, hutoka kwenye mvua na ukungu wa msituni, si kwenye barafu. Miti mirefu yenye kuvu na mimea iliyoning'inia hunasa ukungu na kuudondosha ardhini, na udongo wa msitu huuhifadhi kama sifongo.

Kwa hiyo anayetaka kulinda maji ya Marangu na Moshi autazame msitu kabla ya kilele. Moto wa mwezi Oktoba 2020 uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya mlimani, na mwaka 2022, Oktoba pia, moto ukawaka tena. Kila ukanda wa miti unaoungua ni kikamulio kimoja kinachoondolewa. Misitu haipokei tabianchi tu, nayo huitengeneza: hutoa mvuke, huweka kivuli, hupunguza kasi ya upepo. Kihamba cha Mchaga, chenye mgomba chini ya mti mrefu na kahawa chini ya mgomba, ni tabianchi ndogo iliyotengenezwa kwa mikono. Ingia humo saa saba mchana ukitoka barabarani, utaelewa kwa ngozi yako.

MAMBO YA MBALI YANAYOFIKA MLANGONI

Mpaka hapa tumetaja jua, bahari, pepo, kimo, milima na mimea. Hayo hukaa mahali pake. Lakini kuna mambo ya mbali yanayokuja na kuondoka.

Kila baada ya miaka kadhaa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na Ikweta hupata joto kuliko kawaida. Ndiyo El Nino. Mara nyingi huongeza vuli ya Afrika Mashariki, hasa ikiambatana na joto la upande wetu wa Bahari ya Hindi. Wengi tunaikumbuka mvua ya 1997 na 1998: madaraja yalikatika, kipindupindu kikaenea, na homa ya Bonde la Ufa ikawapata mifugo na watu. Mwisho wa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu, nayo mvua ikazidi tena. Na mwisho wa 2023 mambo yote mawili yakaja pamoja.

Volkano nayo huingia. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, ulirusha juu sana ukungu uliokinga sehemu ya mwanga wa jua, na dunia nzima ikapoa kwa karibu nusu nyuzi kwa muda wa mwaka mmoja au miwili. Mlima mmoja, nusu nyuzi.

Na la mwisho ni letu wanadamu. Hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye moshi wa magari, viwanda na misitu inayoungua, hufanya kazi ya blanketi juu ya dunia. Bila blanketi kabisa tungeganda. Lakini kabla ya viwanda ilikuwa sehemu kama 280 katika kila milioni ya hewa, na sasa imezidi 420. Blanketi limekuwa zito. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, kama nyuzi moja na nusu juu ya wastani wa kabla ya viwanda. Anayesema nyuzi moja na nusu ni kidogo, muuguzi atamwuliza: mtoto wako akipanda kutoka nyuzi 37 hadi 38 na nusu, utaendelea kuosha vyombo?

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Wanaoongeza blanketi hilo zaidi ni nchi kubwa zenye viwanda, wala si mama wa Hedaru mwenye mafiga matatu. Hata hivyo yapo yaliyo mikononi mwetu:

1. Ujue upande wako. Je, unaishi upande wa tui au wa machicha? Wa machicha apande mtama, uwele, kunde na mihogo, asibahatishe mahindi peke yake.

2. Mkazi wa mlimani asiseme "kwetu hakuna malaria". Chandarua kila usiku, na homa ipimwe siku ile ile.

3. Mvishe mtoto kwa mahali ulipo, si kwa mazoea ya ulikotoka. Ukipanda mlimani na mtoto wa pwani, beba sweta. Ukishuka naye, livue.

4. Kinga maji ya paa hata kwa pipa moja. Pipa la lita 200 ni ndoo kumi.

5. Linda miti ya chanzo cha maji na panda mingine shambani. Usiwashe moto wa kusafisha shamba wakati wa upepo mkavu.

6. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya masika na vuli. Ukisikia mvua zitazidi, safisha mitaro, chimba choo mbali na kisima, na weka chumvichumvi za kuongezea maji mwilini tayari nyumbani.

Akina mama wa Lushoto wameshapanga kikao cha kuhesabu vyandarua nyumba kwa nyumba kabla ya masika. Wa Same wanachangia tangi la tatu. Wewe na wenzako wa kikundi, kaeni mjiulize: mlima wenu uko upande gani, na upepo wenu wa mvua hutokea wapi? Mkishapata jibu, mtajua pa kuanzia.